Upele, chawa na funza: jinsi ya kumjua mdudu anayekuwasha na kumtibu nyumbani mpaka aishe

Kama unawashwa mwili na mwasho unazidi ukishaingia kitandani usiku, na hapo nyumbani kuna mwingine nae kaanza kujikuna, basi acha kwanza kubadilisha sabuni na kununua krimu za aleji moja baada ya nyingine, kaa usome hii mpaka mwisho maana kuna uwezekano mkubwa mnaishi na mdudu. Na nalisema mapema kabisa kwa sababu hapa ndo wengi wanaangukia: mdudu wa ngozi hatibiwi mtu mmoja mmoja, anatibiwa nyumba nzima, siku ile ile, halafu mnarudia. Dawa zipo na zinafanya kazi vizuri tu, ila watu wanapaka kwa mafungu, leo mama, wiki ijayo mtoto, baba anasema mimi siwashwi niacheni, basi upele unazunguka humo humo ndani miezi na miezi mpaka watu wanaanza kudhani wamerogwa.

Na aibu wekeni pembeni tafadhali. Upele sio uchafu. Anayeoga asubuhi na jioni anaupata sawa sawa na asiyeoga, kwa sababu mdudu anahama ngozi ikigusana na ngozi kwa muda, yaani kulala kitanda kimoja, kubeba mtoto, kufanya mapenzi, kumuuguza mtu. Tangu mwaka 1687 daktari wa Kiitaliano Giovanni Cosimo Bonomo alimtoa mdudu huyu kwenye ngozi ya mgonjwa, akamwangalia kwa hadubini na akamchora, kwa hiyo sababu inajulikana siku nyingi sana. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba wakati wowote ule kuna watu zaidi ya milioni 200 wenye upele, na mwaka 2017 likauingiza kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika. Hauko peke yako, na ukificha ndo unawaambukiza unaowapenda.

Hatua ya 1: Jua kwanza ni mdudu gani

Chukua tochi, hata ya simu inatosha, vua nguo, angalia mwili mzima ukianzia mikononi. Upele una sehemu zake unazozipenda: katikati ya vidole vya mikono, kwenye viwiko na vifundo vya mikono, makwapani, kuzunguka kitovu, kiunoni pale nguo inapobana, makalio na mapaja kwa ndani, kuzunguka chuchu kwa wanawake, na kwa wanaume kwenye uume na korodani. Vipele vidogo vidogo vigumu sehemu za siri za mwanaume pamoja na mwasho wa usiku, hapo mimi nasema upele mpaka ithibitishwe vingine. Mtu mzima mara nyingi hawi na upele usoni wala kichwani, ila mtoto mchanga anakuwa nao popote, kichwani, usoni, viganjani na kwenye nyayo, na ukiona malengelenge kwenye nyayo za mtoto ambaye halali usiku analia tu, mwangalie na mama yake mikono.

Kitu cha kutafuta hasa ni njia ya mdudu. Jike anachimba kwenye ngozi ya juu kabisa, anatembea humo akitaga mayai 2 au 3 kila siku, na ile njia inaonekana kama kimstari chembamba kilichopinda, rangi ya kijivu au kama ngozi yenyewe, urefu wa milimita chache mpaka karibu sentimita 1. Kwenye ngozi nyeusi saa zingine ni ngumu kukiona, basi fanya hivi: paka wino wa kalamu juu ya pale unapopatilia shaka, subiri kidogo, halafu futa na pamba yenye spiriti. Wino wa juu utaondoka, ila kama kuna njia utabaki umeingia ndani na utaona mstari mweusi umejichora wenyewe. Ukikosa mstari usiseme basi sio upele, maana mtu akishajikuna sana njia zinaharibika na unabaki unaona mikwaruzo na vidonda tu. Mtu mwenye upele wa kawaida ana wadudu kama 10 mpaka 15 tu mwili mzima, na kila mmoja hana hata nusu milimita, ndo maana hauwaoni. Mwasho wote ule unatokana na mwili kuwakataa wao na mayai yao na kinyesi chao.

Hiyo inaeleza pia jambo linalowachanganya watu wengi. Anayeupata mara ya kwanza anaweza kukaa wiki 2 mpaka 6 hajisikii kitu chochote huku tayari anawaambukiza wengine. Aliyewahi kuugua zamani akiupata tena anaanza kuwashwa ndani ya siku 1 mpaka 4 tu. Kwa hiyo baba anayesema siwashwi anasema kweli kabisa, ila wadudu anao.

Sasa kama sio upele: kunguni anang'ata sehemu zilizokuwa wazi ukilala, mikono, shingo, uso, mara nyingi alama zimejipanga mstari au zimekaa kikundi, na ukigeuza godoro kwenye mishono unakuta madoa meusi au mwenyewe kajificha. Huyo haishi mwilini, hakuna krimu itakayomtoa, dawa yake ni kitanda na chumba. Viroboto wanapenda miguu chini ya magoti. Chawa na funza nimewawekea sehemu yao huko chini.

Hatua ya 2: Hesabu watu, sio vipele

Kabla hamjanunua chochote kaeni chini muandike nani wote analala humo ndani, nani anafanya mapenzi na nani, nani anamlea mtoto, mgeni gani alilala ndani ya mwezi huu. Hao wote wanatibiwa, wawe wanawashwa wasiwe wanawashwa. Kisha pembeni ya kila jina andika kama ni mjamzito, ananyonyesha, mtoto wa umri gani na uzito gani, maana dawa inategemea hapo, na ukienda kwa mfamasia na karatasi hiyo atakusaidia haraka na vizuri kuliko ukienda kusema naomba dawa ya upele.

Hatua ya 3: Dawa ipi

Ya kwanza kwa watu wengi ni krimu ya permethrini ya asilimia 5. Inatumika hata kwa mjamzito na kwa mtoto kuanzia miezi 2. Tyubu ya gramu 30 kwa kawaida inamtosha mtu mzima mmoja kwa mpako mmoja, mwenye mwili mkubwa atahitaji zaidi, kwa hiyo msinunue tyubu moja mkaigawana watu watano, hapo mmeshapoteza.

Ya pili ni losheni ya benzili benzoeti, ile wengi wanaita BBE. Ni nzuri ila inachoma, hasa kama umejichubua. Asilimia 25 ni ya mtu mzima, mtoto wa miaka 2 mpaka 12 anapunguziwa nguvu kwa kuchanganya na maji kiasi sawa kwa sawa ibaki asilimia 12.5, na mtoto wa chini ya miaka 2 mwacheni mtaalamu awapimie wenyewe msikisie. Inakaa saa 24 na mara nyingi inapakwa siku 2 au 3 mfululizo, ratiba zinatofautiana kwa hiyo fuata ile uliyopewa na dawa yako.

Mafuta ya salfa, wazee wanayajua kama kiberiti upele, asilimia 5 mpaka 10, yananuka na yanachafua nguo ila ni salama kwa kichanga na kwa mjamzito, yanapakwa usiku 3 mfululizo. Nayataja kwa heshima kwa sababu pale dawa zingine zikikosekana yanaokoa.

Na kuna vidonge vya ivermektini, mikrogramu 200 kwa kila kilo ya uzito, dozi 2 zikipishana siku 7 mpaka 14. Havipewi mjamzito wala mtoto chini ya kilo 15 bila daktari kusema. Naomba sana, msitumie ivermektini ya mifugo, ile imepimwa kwa ajili ya ng'ombe na mbuzi na ukikosea kipimo unaweza kupoteza fahamu au zaidi ya hapo.

Vya kutogusa kabisa: mafuta ya taa, petroli, dawa ya kunyunyizia mimea au mende, jiki. Kuna watoto wameungua ngozi na wengine wamepata sumu kwa hizo njia. Na krimu zenye steroidi, zikiwemo nyingi za kuchubua ngozi, zinapunguza mwasho kwa siku chache, ngozi inaonekana kama imepoa kumbe mdudu anazaliana kwa raha zake chini, halafu inakuja hali ambayo hata daktari anapata shida kuitambua.

Hatua ya 4: Usiku wa kupaka

Chagueni usiku mmoja wote mpo. Kateni kucha zote fupi, mikono na miguu, maana wadudu na mayai yanakaa chini ya kucha kwa sababu ya kujikuna. Ogeni maji ya kawaida, sio ya moto, jifuteni, subirini ngozi ipoe na ikauke kabisa. Ukipaka kwenye ngozi ya moto iliyotoka kuoga dawa inaingia sana mwilini badala ya kukaa juu ya ngozi pale mdudu alipo, na inachoma zaidi.

Sasa kupaka kwenyewe. Unaanza chini ya taya unashuka mpaka vidole vya miguu, sio pale panapowasha tu. Rudia hiyo sentensi kwa wote waliomo ndani kwa sababu kupaka panapowasha tu ndo kosa namba moja. Nyuma ya masikio, shingo yote, makwapa, kitovu kwa ndani, kati ya makalio, sehemu zote za siri kwa nje, nyuma ya magoti, kati ya kila kidole cha mkono na mguu, nyayo, na chini ya kucha tumia mswaki laini wa zamani kisha uutupe. Mgongo mtu hafiki mwenyewe, pakaneni. Watoto wadogo, wazee na wenye kinga dhaifu wanapakwa mpaka kichwani na usoni, ukikwepa macho na mdomo. Mtoto anayenyonya vidole mvalishe soksi mikononi. Mama anayenyonyesha anaosha matiti kabla ya kunyonyesha, akimaliza anapaka tena.

Permethrini inakaa saa 8 mpaka 14, kwa hiyo ukipaka saa 2 usiku unaoga asubuhi. Ukinawa mikono katikati, sababu umeenda chooni au umembadilisha mtoto nepi, paka tena mikononi hapo hapo. Watu wanasahau hili na mikono ndo makao makuu ya upele.

Hatua ya 5: Asubuhi yake, nguo na matandiko

Vaa nguo safi, tandika shuka safi. Zile zote zilizotumika siku 3 zilizopita, nguo, shuka, taulo, chandarua kinachokugusa, zifuliwe kwa maji ya moto ya nyuzi 60 au zaidi, zianikwe juani, na zikikauka pigeni pasi. Kisichofulika, koti, blanketi zito, midoli ya mtoto, funga kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa siku 3, mimi napendelea wiki nzima kuwa na uhakika. Mdudu wa upele akitoka kwenye mwili wa mtu hafikishi zaidi ya siku 2 au 3, anakufa. Kwa hiyo hakuna haja ya kuchoma godoro wala kupulizia nyumba dawa ya wadudu, fagieni, futeni viti vya vitambaa, inatosha. Nguvu zenu ziwekeni kwenye ngozi, maana kwa upele wa kawaida maambukizi mengi yanatoka kwa mtu na sio kwenye shuka.

Hatua ya 6: Mwasho utaendelea, usiogope

Hapa watu wanavunjika moyo. Umepaka vizuri, siku ya tatu bado unawashwa, unasema dawa feki. Hapana, wadudu wamekufa ila maiti zao na mayai na kinyesi bado viko kwenye ngozi na mwili unaendelea kuvikataa mpaka ngozi ijibadilishe. Mwasho unaweza kukaa wiki 2 mpaka 4 ukipungua taratibu. Tumia losheni ya kawaida isiyo na manukato, kitambaa cha maji baridi, na vidonge vya aleji vya kulalia usiku kama mfamasia ameona vinakufaa. Usirudie dawa ya upele kila siku kwa hasira, inakausha ngozi na yenyewe inaleta mwasho mpya, halafu huwezi tena kujua kipi ni kipi.

Hatua ya 7: Rudieni baada ya siku 7

Nyumba nzima tena. Sababu ni hii, dawa inaua wadudu wazima vizuri ila mayai mengine yanaweza kupona, yanaanguliwa ndani ya siku 3 au 4, na kadogo kanahitaji kama wiki 2 kuwa mkubwa wa kutaga. Ukipaka siku ya 7 unawakuta wameshatoka kwenye mayai ila hawajaanza kuzaa. Ukisubiri mwezi umeanza upya. Wekeni alarm kwenye simu siku ile ile ya mpako wa kwanza, kwa sababu mwasho ukishapungua kidogo kila mtu anajiona amepona na hakuna anayekumbuka.

Mtoto anaweza kurudi shule siku inayofuata baada ya mpako wa kwanza. Zikipita wiki 4 na bado kuna vipele vipya, sio makovu ya zamani, vipele vipya, basi jiulizeni mambo matatu: kuna mtu hakupaka, kuna sehemu ya mwili iliachwa, au kuna mtu wa nje mnalala nae hajatibiwa. Kama yote yako sawa nendeni kwa daktari, inawezekana sio upele au dawa ibadilishwe.

Chawa

Chawa wa kichwani ni milimita 2 mpaka 3, anaonekana kwa macho, anatembea hajui kuruka. Mayai yamegandishwa kwenye unywele karibu na ngozi, ukivuta hayatoki kama mba inavyotoka. Lowesha nywele, paka kondishena nyingi, gawanya kichwa mafungu, pitisha kitana chenye meno yaliyobanana sana kutoka ngozi ya kichwa mpaka ncha, kila ukivuta futa kwenye kitambaa cheupe uone. Kila siku 3 au 4 kwa wiki 2 au zaidi, hakuna kuruka. Kama nywele hazipitishi kitana au unataka haraka, kuna losheni ya permethrini asilimia 1 inakaa dakika 10 kwenye nywele zilizooshwa bila kondishena, inaoshwa, inarudiwa baada ya siku 9. Kunyoa pia ni dawa kamili kama mwenyewe kakubali, ila msimnyoe mtoto wa kike kwa nguvu kama adhabu, kuna njia zingine.

Chawa wa mwilini ni mwingine, anaishi kwenye mishono ya nguo na anakuja mwilini kula tu. Kwa hiyo dawa yake ni nguo, maji ya moto na pasi ya moto juu ya kila mshono, na mtu kuoga na kubadilisha nguo angalau mara moja kwa wiki. Huyu msimpuuze maana anaweza kubeba taifasi na homa ya kujirudia.

Funza

Kiroboto mdogo wa milimita 1 anaingia kwenye ngozi ya mguu, hasa pembeni ya kucha na kisigino, anavimba akijaa mayai, unaona duara jeupe lenye doa jeusi katikati. Kuchimbua kwa pini moja kwa familia nzima ndo kunaleta pepopunda na maambukizi ya damu. Akitolewa atolewe na sindano mpya safi, mahali palipofutwa spiriti, na kidonda kioshwe na kufunikwa, na hakikisha chanjo ya pepopunda ipo. Kwa walio nao wengi, mafuta ya dimethikoni yakipatikana ni bora zaidi, yanapakwa juu ya kila funza na yanamuua bila kuchimbua. Viatu, na sakafu ya udongo imwagiwe maji na kufagiwa mara kwa mara.

Msijitibu nyumbani, nendeni hospitali kama:

Kuna usaha, uwekundu unaosambaa, mtoki au homa, maana bakteria wameingia kwenye mikwaruzo na hapo inahitajika antibayotiki. Mtoto ana upele wenye vidonda halafu uso unavimba asubuhi au mkojo umekuwa wa kahawia au mwekundu, hiyo inaweza kuwa figo, siku hiyo hiyo asilale nyumbani. Mtoto yuko chini ya miezi 2. Au mgonjwa ana magamba mazito mikononi na mwilini, hata kama hawashwi sana, hasa mzee au mwenye kinga iliyoshuka, huyo anaweza kuwa na wadudu maelfu kwa maelfu, anaambukiza hata kwa shuka na kiti alichokalia, na anahitaji krimu na vidonge kwa pamoja chini ya uangalizi wa daktari, na wote waliomgusa watibiwe pamoja nae.